Wasifu wa Joseph Smith ulioandikwa na Fawn Brodie: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitabu hiki kilitoka Novemba 1945, na mpaka leo kuna wanaokisoma kwa siri na wanaokisifu bila kukimaliza. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ambayo wasomaji huyarudia, wawe waumini, waliohama kanisa, au watu wasiohusika kabisa waliovutwa na ugomvi.

Kwanza, ni kitabu gani na kinamhusu nani?

Kinaitwa *No Man Knows My History*, yaani hakuna aijuaye historia yangu. Ni maisha ya Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tunawaita Wamormoni. Smith alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1805, akakulia jimbo la New York. Mwaka 1830 alichapisha Kitabu cha Mormoni mjini Palmyra, akisema amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika, na Aprili mwaka huohuo akaanzisha kanisa. Kutoka hapo ni kuhama na kufukuzwa: Ohio, Missouri, Illinois. Juni 1844 watu wenye silaha walivamia jela ya Carthage wakamuua yeye na kaka yake Hyrum.

Jina la kitabu limetoka kinywani mwake mwenyewe. Miezi miwili na ushee kabla ya kuuawa, akitoa mahubiri ya kumkumbuka marehemu mmoja, aliwaambia waumini kwamba hawamjui, na kwamba hamlaumu mtu asiyeisadiki historia yake, maana kama isingemtokea, hata yeye asingeisadiki. Mwandishi aliyeokota maneno hayo na kuyafanya jina la kitabu alijua anachokifanya.

Brodie alikuwa adui wa kanisa?

Alikuwa mtoto wa nyumbani, na hapo ndipo penye uchungu. Alizaliwa Fawn McKay mwaka 1915 huko Utah, akakulia kijiji cha Huntsville katika ukoo uliojaa viongozi wa kanisa. Babu yake mzaa mama aliwahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Baba yake alikuwa msaidizi wa Mitume Kumi na Wawili, baraza la viongozi wa juu wa kanisa hilo. Baba yake mkubwa, David O. McKay, alikuwa katika Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa, kitabu kilipotoka, na mwaka 1951 akawa rais wa kanisa zima.

Imani ilimtoka alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka ya 1930. Huko aliolewa na Bernard Brodie, kijana wa Kiyahudi ambaye baadaye alijulikana kwa maandishi yake juu ya mikakati ya silaha za nyuklia. Alianza na shauku ya kujua tu Kitabu cha Mormoni kilitokana na nini. Mwaka 1943 akapata ufadhili wa kampuni ya Alfred A. Knopf, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyochapisha kazi yake. Alikuwa na miaka 30.

Kitabu kinadai nini hasa?

Wengi huuliza hivi wakitarajia jibu la neno moja: tapeli. Dai lake lina mzunguko zaidi ya hapo, na watetezi wake wenyewe huwa wanalisahau.

Kabla yake, wapinzani wa Smith walikuwa na maelezo waliyoyapenda mno. Walisema kijana wa shamba mwenye elimu kidogo hawezi kutunga kitabu cha mamia ya kurasa, hivyo lazima aliiba mswada wa riwaya ya mtu aitwaye Solomon Spaulding. Brodie aliyachambua maelezo hayo na kuyatupa. Alisema Kitabu cha Mormoni ni kazi ya Smith mwenyewe, iliyojaa mambo ya zama zake: mabishano ya dini yaliyowaka New York, hofu ya vyama vya siri, na dhana iliyokuwa imeenea kwamba Wahindi Wekundu ni uzao wa Waisraeli. Machoni pake Smith alikuwa msimuliaji mwenye kipaji kikubwa, aliyeanza kwa kujua anatunga, kisha taratibu akazama ndani ya nafasi yake mpaka akaiamini.

Kwa hiyo aliwaudhi watu wa pande zote mbili. Waumini walisikia "anatunga". Wapinzani wa zamani walisikia "kipaji", nao hawakupenda kuambiwa kwamba mtu waliyemwita mjinga alikuwa na akili kuliko wao.

Kwa nini waumini waliumia kiasi hicho? Si vitabu vya kumpinga Smith vilikuwepo tangu zamani?

Vilikuwepo, tangu 1834. Lakini vingi viliandikwa na wachungaji wa madhehebu mengine au watu waliokosana na kanisa, na harufu ya chuki ilisikika ukurasa wa kwanza tu. Muumini aliweza kuvifunga bila kupoteza usingizi. Cha Brodie kiliandikwa kwa lugha safi, kina rejea nyingi, na mahali pengine kinamwonea Smith huruma ya kweli. Hadhihaki. Mtu akidhihakiwa hujua la kufanya. Akielezwa kwa upole kwamba nabii wake anaeleweka vizuri tu bila Mungu kuhusika, hapo anakosa pa kushika.

Halafu kuna lile la ukoo. Uchungu wa wasomaji wa imani unaweza kufupishwa hivi: mtu wa nje tungemsamehe, huyu alilelewa mezani petu.

Kanisa lilijibuje?

Kwa hatua, tena si za haraka. Machi 1946 mtume John A. Widtsoe alikihakiki katika jarida la kanisa. Kwenye mkutano mkuu wa Aprili, rais George Albert Smith hakukitaja kitabu, lakini alisema wanaomdunisha Joseph Smith watasahaulika ardhini na uvundo wa aibu yao utabaki nao. Kila aliyekuwa ukumbini alijua mshale umeelekezwa wapi. Mwezi Mei kukatoka tathmini ndefu katika gazeti la kanisa, iliyosema mwandishi amechagua ushahidi wa maadui na kuupa kisogo wa marafiki.

Mwezi huohuo wamishonari wawili walimpelekea Brodie barua nyumbani kwake, wakati huo akiishi mashariki mwa nchi. Alitakiwa kufika mbele ya baraza la misheni ya New England kujibu shitaka la uasi wa imani. Hakwenda. Juni 1946 akatengwa.

Kanisa dogo la Independence, Missouri, lililofuata ukoo wa Joseph Smith, nalo lilikikataa, ila kwa sababu yake. Hao walishikilia kwamba Joseph hakuoa wake wengi kabisa na kwamba mitala ilikuwa jambo la Brigham Young, aliyewaongoza Wamormoni wa Utah baada ya Joseph. Kwao sura za ndoa ndizo zilizochoma.

Kijitabu cha Hugh Nibley kinastahili kusomwa?

Kinastahili, ila kisomwe kama kachumbari na si kama mlo. Nibley alikuwa msomi wa lugha za kale, na mwaka 1946 alitoa kijitabu cha kurasa 62 ambacho jina lake tu ni kejeli: *No, Ma'am, That's Not History*. Kinachekesha. Mahali kinapogonga ndipo ni pale anapoonyesha Brodie akijenga neno "bila shaka" juu ya "huenda" mbili. Mahali kinapochosha ni pale kejeli inapochukua nafasi ya ushahidi, na nafasi hiyo ni kubwa. Wasomaji wengi waliotulizwa na Nibley hawakuwa wamekigusa kitabu chenyewe. Nadhani hilo lilikuwa sehemu ya kazi ya kijitabu.

Wahakiki wasio wa kanisa walisemaje?

Walisifu, tena kwa sauti ya juu. Bernard DeVoto, mzaliwa wa Utah asiye Mmormoni, alikiita kitabu bora kabisa kuhusu Wamormoni kilichokuwa kimechapishwa mpaka wakati huo. Lakini hakukubali kiini chake: yeye aliamini Smith alikuwa mgonjwa wa akili, na alimlaumu Brodie kwa kutomwona hivyo. Dale Morgan, mwanahistoria aliyemsaidia Brodie kwa barua na nyaraka, naye alimpa alama za juu.

Aliyenivutia zaidi ni Vardis Fisher, mtunzi wa riwaya aliyelelewa katika nyumba ya Kimormoni. Alisema kitabu kinakaribia kuwa riwaya kuliko wasifu, kwa sababu mwandishi hasiti kutueleza yaliyokuwa kichwani mwa mtu. Ukitaka kujua udhaifu wa Brodie uko wapi, huyo aliuona mapema, na hakuwa na kanisa la kutetea.

Ile kesi ya 1826 ni ya kweli au ya kutungwa?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mahali ambapo ubishi wa miaka mingi ulikatwa na kipande cha karatasi.

Brodie alichapisha, kama nyongeza, kumbukumbu ya shauri la mwaka 1826 huko South Bainbridge, New York. Ndani yake kijana Joseph Smith anashitakiwa kwa kudai kwamba anaweza kuona hazina zilizofukiwa kwa kutazama jiwe. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo ilijulikana kwa nakala za magazeti na majarida ya baadaye tu. Daftari la asili halikuwepo. Watetezi wakasema ni uzushi. Nibley mwenyewe, mwaka 1961, alifika kuandika kwamba kama kumbukumbu hiyo ni halisi, basi hakuna ushahidi mbaya kuliko huo dhidi ya Joseph Smith. Alikuwa na uhakika si halisi.

Mwaka 1971 mchungaji mmoja mtafiti, Wesley Walters, alipekua makaratasi yaliyosahaulika katika ghorofa ya chini ya jela ya wilaya mjini Norwich, New York. Akakuta bili za hakimu Albert Neely za mwaka 1826, alizoidai serikali ya wilaya. Mstari mmoja unamtaja Joseph Smith "mtazama kioo", yaani mtu wa kutazama jiwe ili aone vilivyofichika, tarehe 20 Machi 1826, kosa dogo, na ada ya hakimu: dola 2 na senti 68. Ada hiyohiyo ilikuwa imetajwa katika nakala iliyochapishwa karne moja nyuma.

Je, ilimaliza kila kitu? Ilimaliza swali la kama shauri lilikuwepo. Lilipoishia bado panabishaniwa, na wapo wanasheria wanaosoma nyaraka hizo na kuona Smith aliachiwa. Jambo la kushangaza ni yaliyofuata: waumini hawakukimbia kwa makundi. Wanahistoria wao walibadilisha msimamo, wakasema kutafuta hazina kwa jiwe lilikuwa jambo la kawaida mashambani kwa zama zile, na kwamba Mungu humchukua mtu alipo. Unaweza kuikataa hoja hiyo. Mimi naiona ni nzuri kuliko kusema karatasi ni ya uongo.

Alioa wanawake wangapi? Naona kila kitabu kina idadi yake.

Brodie aliorodhesha 48. Watafiti wa baadaye wengi wamepunguza, na kanisa lenyewe, katika makala ya mwaka 2014, lilikubali kwamba makadirio ya makini ni kati ya 30 na 40. Makala hiyo ilikiri pia kwamba baadhi yao walikuwa tayari na waume, na kwamba mmoja aliunganishwa naye kwa ndoa miezi michache kabla ya kutimiza miaka 15. Msomaji wa 1946 aliyeambiwa hizi ni kashfa za maadui angeishi mpaka leo, sijui angemwambia nini askofu wake.

Lakini kuna upande ambao Brodie alishindwa. Alitaja watoto aliodhani wangeweza kuwa wa Smith kwa wanawake hao. Kwa mmoja, Oliver Buell, aliitazama picha ya mtu mzima akaona sura ya akina Smith, akaandika kwamba picha hiyo inaelemeza mizani kabisa. Mwaka 2007 matokeo ya vinasaba vya uzao wa Buell yalionyesha si mtoto wa Smith. Wengine waliopimwa nao hawakuwa wake, akiwemo Josephine Lyon, ambaye mama yake alimwambia kabla ya kufa kwamba yeye ni binti wa Joseph Smith. Jibu lake lilitoka 2016. Mpaka sasa hakuna mtoto hata mmoja aliyethibitishwa nje ya ndoa yake na Emma, mkewe wa kwanza.

Sura kufanana kwenye picha! Mwanamke aliyedai nyaraka kwa kila neno la kanisa, hapo akategemea macho yake.

Kuhusu Ono la Kwanza, alikosea?

Kwa sehemu. Brodie aliona kwamba simulizi ya Smith kumwona Mungu msituni akiwa kijana wa miaka 14 haikuwepo kwenye maandishi mpaka 1838, hivyo ilibuniwa baadaye ili kulipatia kanisa chimbuko. Katika miaka ya 1960 ikajulikana kwamba kuna simulizi ya mwaka 1832, sehemu yake kwa mwandiko wa Smith mwenyewe, iliyokuwa imehifadhiwa makao makuu ya kanisa muda wote. Watetezi walishangilia, na walikuwa na haki.

Ila simulizi hiyo haikuwa zawadi tupu. Ya 1838 ina Baba na Mwana, na swali ni kanisa lipi ni la kweli. Ya 1832 inamzungumzia Bwana, na kijana anatafuta msamaha wa dhambi zake. Brodie alilijadili suala hilo katika nyongeza ya toleo lake la pili la 1971, akashikilia kwamba kubadilika kwa maelezo kunamuunga mkono. Kila upande ulitoka na nusu ya mkate.

Je, Brodie anasoma mawazo ya marehemu?

Ndiyo, na hili ndilo kosa lake kubwa kuliko yote ya tarehe na idadi. Fungua popote utamkuta Smith "alihisi", "aligundua", "alijua moyoni". Nani kamwambia? Mwanahistoria Marvin Hill, muumini aliyeandika kwa utulivu miaka ya 1970, alimlaumu kwamba hakuacha nafasi ya Smith kuwa mtu wa dini kwa dhati tangu mwanzo. Kwake kulikuwa na njia mbili tu, nabii wa kweli au mtunzi. Katika toleo la pili Brodie aliongeza uchambuzi wa kisaikolojia kuhusu walaghai wanaojiamini, na kwa maoni yangu aliongeza petroli mahali pa moto.

Nikisoma, napiga alama ya penseli kila sentensi inayoeleza hisia za Smith bila shajara, barua wala shahidi. Ukizitoa zote, kitabu hakianguki. Kinabaki chembamba, na cha kuaminika zaidi.

Wamormoni wa leo wanakionaje?

Inategemea umri na waliyosoma. Wazee wengi bado wanakiona sumu. Vijana wengi wanashangaa kelele zilikuwa za nini, kwa sababu mambo kadhaa yaliyofanya Brodie atengwe wameyakuta kwenye kurasa rasmi za kanisa lao. Mwaka 2013 kanisa lilieleza kwamba Smith alitafsiri Kitabu cha Mormoni akiwa ameinamisha uso ndani ya kofia yenye jiwe. Agosti 2015 likatoa picha ya jiwe lenyewe: la rangi ya hudhurungi, laini, lenye mistari, ukubwa wa kukaa kiganjani, pamoja na kifuko chake cha ngozi.

Kabla ya hayo ilikuja kazi ya Richard Bushman, *Rough Stone Rolling*, mwaka 2005. Bushman alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na ni muumini aliyehudumu kanisani. Mchapishaji wake? Knopf, walewale wa Brodie. Yamo mawe, hazina na wake wengi, lakini Smith anaachwa aseme alichosema aliona. Wasomaji waligawanyika tena: waumini wengine walilalamika kwamba nabii wao amechubuliwa, na wasioamini wakasema mwandishi anakwepa swali la ukweli.

Brodie alijuta? Aliwahi kurudi kanisani?

Hakurudi. Alifundisha historia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaandika wasifu wa watu wengine, akiwemo Richard Burton, yuleyule aliyetoka Zanzibar kwenda Ziwa Tanganyika na ambaye mwaka 1860 alizuru Salt Lake City kuwatazama Wamormoni. Wasifu wake wa Thomas Jefferson, wa 1974, ulisema rais huyo alizaa na mtumwa wake Sally Hemings. Wanahistoria wakubwa walimcheka, kisha vipimo vya vinasaba vya 1998 vikampa nguvu. Vipimo vya aina ileile iliyomwangusha kwa Smith.

Alipokuwa akiugua saratani, alimwomba kaka yake amwombee baraka kama baba yao alivyokuwa akifanya. Habari zikaanza kuenea kwamba ametubu. Akiwa bado hai akatoa tamko la maandishi kwamba aliitaka baraka ya nyumbani kwao, na kwamba haikuwa ombi la kurudishwa. Alifariki Januari 1981.

Nianze na kipi, Brodie au Bushman?

Kama hujawahi kusoma chochote kuhusu Smith, anza na Bushman, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: ameandika miaka 60 baadaye, na nyaraka alizokuwa nazo ni nyingi zaidi. Kisha msome Brodie, toleo la 1971 au la baada ya hapo, ili uipate nyongeza. Sura za utoto na Palmyra zisome polepole. Za wake zisome ukiwa na makala ya 2014 pembeni, na orodha yake ya 48 uichukulie kama orodha ya majina ya kuchunguza. Nyongeza ya shauri la 1826 usiiruke.

Na kama unaye mzazi au mwenza muumini, usimsomee kwa sauti mezani. Mpe kitabu chote, naye akupe cha kwake.